Pijo ya Viti Viwili

Yvonne aliamka akakuta mlango wa gari umeegemezwa kwenye kabati la vyombo, akajua kwamba siku hiyo nayo haitakuwa na amani. Ulikuwa mlango wa nyuma wa Pijo ya marehemu baba yake, ule wa kushoto, ambao kishikio chake kilikuwa kikimbana vidole alipokuwa mtoto. Sasa ulikuwa umeng'olewa, umepanguswa vumbi na kuwekwa pale sufuria zinapokaushiwa, kwa sababu, kama mumewe alivyoeleza bila haya, nje kuna umande na umande huleta kutu.

"Si umeshaung'oa?" Yvonne akamwuliza. "Ukiliwa na kutu utaumia wapi?"

"Unaweza kuhitajika."

"Na nani, Kilonzo?"

Kilonzo akafikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri sana, ila alifikiri baada ya kukata, si kabla.

Chanzo cha balaa hili kilikuwa ajali. Kijana mmoja wa Nairobi, akikimbilia Mombasa na gari jekundu la spoti, lile la chini chini ambalo mtu haliingii bali hulivaa, alimkwepa punda mbele kidogo ya Kibwezi akaishia mtaroni. Punda aliendelea na safari yake. Kijana alitoka mzima, akalizunguka gari lake akilia, kisha akaliuza kwa bei ya vyuma na kupanda basi. Bodi ilikuwa imekunjika yote, lakini chini yake chasisi ilikuwa imenyooka, injini inanguruma, gia zinaingia. Kilonzo, fundi wa bodi mwenye gereji nyuma ya nyumba yake hapo hapo Kibwezi, alilivuta hadi kwake na tangu siku hiyo hakulala usingizi wa mtu mzima.

Kwa muda mrefu alikuwa akitazama kwenye simu video za wazee wa Amerika wanaochukua bodi ya gari la babu zao na kuikalisha juu ya miguu ya gari la kisasa lenye nguvu. Gari la hivyo huitwa street rod, na Kilonzo alilitaja jina hilo kwa heshima ambayo hakuwahi kuipa kazi ya mteja yeyote. Chini alikuwa nako. Alichokosa ni juu. Na kila mtu katika ukoo ule alijua mahali ilipo bodi nzuri ya zamani: Mukuyuni, kwa mama mkwe wake, chini ya banda, mahali kuku walipokuwa wakitagia mayai tangu alipofariki mumewe, mzee Nyamai, aliyekuwa mnunuzi wa ngozi za mbuzi.

Kuiomba mwenyewe hakuweza. Mkwe wa Kikamba hatazamwi usoni wala hapewi mkono, na zamani mkikutana njiani mmoja wenu alipinda akaingia kichakani mpaka mwenzake apite. Heshima hiyo yaitwa nthoni. Siku hizi watu wameilegeza, wengine wanakula meza moja na kupiga picha wamekumbatiana, lakini Mama Syombua hakuwa mtu wa siku hizi. Tangu Kilonzo amwoe binti yake, salamu zao zilipitia kwa Yvonne, na kama waliwahi kuwa chumba kimoja, basi mmoja wao alikuwa mlangoni akitoka. Kwa hiyo aliyetumwa Mukuyuni alikuwa Yvonne, na hilo ndilo lililomuudhi baadaye kuliko yote: kwamba alikwenda kwa miguu yake mwenyewe kujiletea mateso.

"Achukue," Mama Syombua alisema. "Lakini safari ya kwanza ya hiyo gari ni Nuu, kwa Kalekye. Na mimi nikiwa ndani."

Kalekye alikuwa dada yake mkubwa. Waliolewa pande mbili tofauti, mmoja Makueni, mmoja huko Nuu mbele ya Kitui, na maisha yakawagawa hivyo. Mzee Nyamai alikuwa ameahidi kuwakutanisha kwa Pijo ile, ila injini yake ilikufa kabla ya ahadi, na mwenyewe akaifuata. Sasa Kalekye alikuwa mzee wa kutunzwa na majirani, na habari zake kwenye simu zilikuwa zikizidi kuwa fupi.

"Mwaitu, mama yangu, si mimi niko na Probox?" Yvonne alikuwa na duka la dawa za mifugo, na Probox yake ilifika hata mahali punda anaposita. "Jumamosi tu, tunaenda na kurudi."

"Nilimwambia Kalekye nitakuja na gari ya Nyamai. Sasa nishuke kwa gari ya kubeba chakula ya kuku, atasema nini?"

"Atasema karibu!"

"Wewe humjui."

Hapo Yvonne akakamatika. Upande mmoja mama asiyepanda gari lingine, upande wa pili mume asiyemaliza kazi, na huko mbali mwanamke mgonjwa ambaye hakuwa na muda wa kuwangoja wote wawili.

Pijo ilipofika Kibwezi ikashushwa juu ya chasisi, hata Yvonne, ambaye ujuzi wake ulikuwa wa minyoo na kupe, aliona kwamba haitoshi. Juu kulikuwa kurefu, chini kufupi. Magurudumu ya mbele yakikaa mahali pake, ya nyuma yanaangukia katikati ya mlango wa abiria. Kulikuwa na njia mbili: kurefusha chini au kufupisha juu.

"Refusha chini," Yvonne akasema.

"Chasisi ya spoti haichezewi. Iko na mizani yake. Ukiirefusha, kwenye kona itakutupa."

"Na ya baba yangu ndiyo ya kuchezewa?"

Kilonzo akawasha grinda ili asisikie. Aliikata Pijo nyuma ya milango ya mbele, akatoa kipande cha katikati pamoja na milango miwili ya nyuma, akasogeza tako la gari mbele na kuliunganisha. Yvonne alisimama na mikono kiunoni akiangalia cheche zikirukia nguo alizokuwa ameanika.

"Na watu wa nyuma watakaa wapi?"

"Street rod haina watu wa nyuma."

"Baba yangu alikuwa akibeba watu saba kwa hii gari, na ngozi juu."

"Hiyo ilikuwa teksi ya mbuzi. Hii ni kitu ingine, Yvonne. Ngoja uone."

Akangoja. Hakuna mwanamke aliyewahi kungoja kama yeye. Rangi ilipigwa, lori likapita na vumbi lake, rangi ikakwanguliwa ikapigwa upya. Usukani ukagoma. Kioo cha mbele kikakosekana Kibwezi, Makindu na Emali, kikapatikana kwa mtu wa Mombasa ambaye alikuwa matangani. Kisha, Pijo ikiwa imesimama imetimia, Kilonzo akaibomoa tena upande mmoja kwa sababu aliona mstari wa kulehemu ambao ni yeye peke yake duniani aliyeweza kuuona. Magari ya wateja yalijipanga uani na wenyewe wakaja kuuliza, na kwa kuwa fundi alikuwa uvunguni, aliyesimama kuitwa mwongo alikuwa Yvonne.

Na kila Jumapili baada ya kanisa, simu kutoka Mukuyuni.

"Fundi amefika wapi?"

"Karibu, Mwaitu."

"Kalekye ameacha kutoka nje."

Siku ambayo Mama Syombua alisema kwamba Kalekye sasa hageuki kitandani bila kushikwa, Yvonne alitoka dukani kabla ya saa ya kufunga, akafika uani na kuchomoa waya wa kompresa ukutani.  Kilonzo akatokeza kichwa, uso mzima mweupe kwa unga wa pati ya kusawazisha bodi.

"Kilonzo, mamangu mkubwa anakufa."

"Wiki ijayo inatoka."

"Ya mwaka gani?"

"Yvonne, gari haiwezi kutoka kama haijaisha."

"Mtu anatoka! Mtu anatoka kabla hajaisha, hukuona watu wakizikwa?" Sauti yake ilivuka ua mpaka kwa Najma, jirani yao mshonaji, ambaye alikuwa akishona viti vya gari hilo hilo. Najma akaacha cherehani, akaja na kiti kimoja mkononi kimekamilika, ngozi ya kahawia imeshonwa ikanyooka, akakiweka mbele ya Kilonzo. Hapo mwanamume akaona haya, au angalau akaona kwamba haya inahitajika, na wiki iliyofuata Pijo ikatoka kweli.

Mama Syombua alifika Kibwezi jioni kwa basi. Hakulala kwa bintiye, maana hawezi kulala chini ya paa la mwanamume aliyemwoa binti yake. Alilala kwa Najma, akapewa chumba kizuri na chai ya tangawizi. Asubuhi akatoka amevaa gauni la kanisani, kilemba kipya, mkoba mkononi. Akaiona.

Yvonne alikuwa ameapa kutosifu chochote. Lakini jua la asubuhi lilikuwa limeipiga Pijo ubavuni, na ile rangi ya maziwa yaliyotiwa chai, rangi yenyewe ya baba yake, ikawaka. Pua ilikuwa ile ile ya zamani, na macho yale yale ya taa za mviringo, ila sasa gari zima lilikuwa limeinama mbele, fupi na pana, limekaa chini juu ya magurudumu manene. Lilikuwa zuri. Alikasirika kuona lilivyo zuri.

Mama Syombua akaweka kiganja juu ya boneti akakiacha hapo. Kisha akazunguka polepole hadi nyuma, akainama, akachungulia ndani kupitia dirisha dogo.

"Na nyuma?" akamwuliza Yvonne.

Kilonzo alikuwa amesimama nyuma ya kompresa, mahali pa adabu, akaiambia fensi: "Mwambie Mama, nyuma ni tangi na spea."

 Mama Syombua alikaa ameinama hivyo muda mrefu kidogo, mkono umeshika ukingo wa dirisha, kisha akanyooka na kupangusa kiganja kwenye gauni.

Kilonzo, aliyevaa koti lake la harusi, akaingia nyuma ya usukani, akawasha. Mngurumo ukawatoa watu dukani. Akanyoosha mkono, akafungua mlango wa abiria kutoka ndani, akatazama mbele kwa heshima zote akingoja mama mkwe wake apande.

Hakuna aliyesogea.

Ndipo likawaingia wote, mmoja mmoja. Viti vilikuwa viwili, vimebanana, bega kwa bega, na kati yake fimbo ya gia. Kila Kilonzo akitia gia ya nne, mkono wake ungepita pale pale penye goti la mama mkwe wake, kutoka Kibwezi mpaka Nuu. Mwaka mzima watu wazima walikuwa wamepima, wamekata, wamelehemu na kugombana, na hakuna hata mmoja aliyekaa chini akajiuliza nani atakaa na nani.

"Ngai wangu," Yvonne akasema.

Kilonzo akazima injini. 

"Nikishona pazia hapo katikati?" Najma akajaribu.

"Gia itapita wapi?" Yvonne akafoka. "Atie gia kupitia kwa pazia kama mtu anaiba kuku?"

Kilonzo akatoka garini akarudi nyuma ya kompresa. "Mwambie Mama," akaiambia fensi, "nasikia kuna watu hutoa mbuzi na blanketi, nthoni inafunguliwa, yanaisha. Mbuzi naweza kuleta saa hii."

Mama Syombua alimgeukia binti yake, lakini alisema kwa sauti ya kufika kote. "Mwambie nimemheshimu tangu siku ya kwanza aliingia boma yangu. Siwezi kuacha kumheshimu leo kwa sababu alisahau kiti."

 Yvonne akanyoosha mkono.

"Lete funguo."

"Hii si Probox," Kilonzo akasema haraka. "Klachi yake ni nzito. Iko chini, mawe yatai—"

"Kilonzo. Funguo."

Kilonzo alikuwa hajawahi kumruhusu mtu yeyote hata kukaa pale. Safari ya kwanza, ile aliyoiota usiku akirusha miguu kitandani, ilikuwa yake. Alizitazama funguo, akalitazama gari, akamtazama mkewe kama mtu anayemkabidhi mgeni mtoto mchanga, na Yvonne akamwonea huruma, na kumwonea huruma kukamwudhi zaidi. Akazichukua mkononi mwa mumewe, akimfungua kidole kwa kidole.

"Gia ya kwanza inaingia kwa kubembelezwa," Kilonzo akasema kwa sauti ndogo.

Barabara ya Kibwezi kwenda Kitui ni lami nzuri, na Pijo ile iliruka. Yvonne hakutaka kufurahi. Alikuwa na hasira alizozipanga vizuri kutoka nyumbani na hakutaka zimwagike, lakini ukigusa mafuta kidogo tu kiti kinakusukuma mgongoni, na kwenye kona gari limeshika barabara kana kwamba limepigiliwa misumari. Ikutha watoto walikimbia nalo. Mutomo mwanamume aliacha boda boda yake katikati ya njia ili apige picha. Mama Syombua aliketi wima, mkoba magotini, akitazama mbele.

Mbele ya Kitui lami ikaisha, na Yvonne akazipata hasira zake zote tena, hata na nyingine mpya. Tumbo la gari lilipiga kila jiwe lililokuwa limezaliwa upande ule. Kila likikwaruza alimtaja Kilonzo, na jiwe likiwa kubwa alimtaja pamoja na ukoo wake. Kwenye mto mkavu magurudumu yalizama mchangani, wachunga mbuzi wakaja kusukuma, mmoja akauliza kwa upole ni nani aliyelileta gari la harusi kuteka maji.

"Usimtukane sana," Mama Syombua akasema walipotoka mchangani. "Hata baba yako alikuwa hivyo. Kitu akiipenda, haoni kando."

"Baba alikuwa na kiti cha nyuma!"

Mama Syombua akageuka kutazama nje dirishani mpaka Nuu.

Kalekye alikuwa nje. Mwanamke ambaye hakuweza kugeuka kitandani bila kushikwa alikuwa ameketishwa kwenye kiti kirefu cha kamba chini ya upenu wa nyumba yake, mito pande mbili, gauni jeupe limepigwa pasi, miguuni raba mpya ambazo zilikuwa hazijagusa udongo. Kando yake kulikuwa na mkoba uliofungwa vizuri, mkeka umekunjwa, na jogoo amefungwa miguu, akilalamika.

"Ameogeshwa tangu alfajiri," akasema Mbithe, jirani aliyekuwa akimtunza. "Aliposikia mmetoka Kibwezi alikataa kabisa kulala chini."

Dada wawili walishikana. Hawakulia, walishikana mikono na kupapasana mashavu, huyu akimwambia huyu kwamba amezeeka. Kisha Kalekye, ambaye macho yake yalikuwa yamebaki na mwanga mdogo tu, akaomba asogezwe. Wakambeba na kiti chake hadi kwenye gari. Akaipapasa pua ya Pijo, taa moja, kisha ya pili, akacheka cheko la msichana.

"Ni ya Nyamai! Syombua, ni yenyewe! Haya, nifungulieni nyuma nipande."

Yvonne akamgeukia mama yake. Mama Syombua alikuwa akiangalia chini.

"Mwaitu," Yvonne akanong'ona, akimvuta upande wa pili wa gari. "Tulikuja kumsalimia, ama tulikuja kumchukua?"

"Nyamai alipoinunua nilimwambia Kalekye, nitakuja nikuchukue na hiyo gari, twende Mukuyuni tukae pamoja. Hakusahau. Mimi pia."

"Na mbona hukuniambia? Mwaka mzima, Mwaitu! Mwaka mzima nagombana na huyu mtu juu ya kiti na wewe unaniuliza tu fundi amefika wapi!"

"Gari ya baba yako ilikuwa na kiti ya nyuma," Mama Syombua akasema. "Nani huagiza gari liwekwe kiti?"

 Yvonne alikuwa amemchokea mume wake, amemchokea mama yake, ameyachokea mawe, na sasa aliona kwamba amejichokea mwenyewe, maana alikuwa na ulimi wa kupigia kelele kila kitu na hakuwa ameuliza swali moja dogo. Akajifuta uso kwa mkono wenye vumbi.

"Sawa. Kesho narudi na Probox. Natoa viti, naweka godoro, tunamlaza pole pole. Kesho hiyo hiyo."

Mama yake akamshika mkono. "Umeangalia miguu yake?"

Yvonne alikuwa ameiangalia. Juu ya zile raba mpya ilikuwa imevimba, ngozi inang'aa.

"Umesikia vile anavuta pumzi? Hiyo barabara umetukana leo, huyu ataimaliza?"

Asingeimaliza, Yvonne akajua. Wangefika Kitui wakiwa na maiti.

"Mbithe aliniambia kwa simu," Mama Syombua akaendelea. "Nikasema labda anazidisha. Hata mkoba wangu niliubeba na nguo za kukaa. Asubuhi nilipochungulia pale nyuma nikaona tangi, nikajiambia, basi, Mungu ameamua hivyo."

"Tumwambie, basi."

"Tumwambie nini? Ona amevaa raba."

Wakasimama hapo. Upande wa pili wa gari Kalekye alikuwa akimwambia Mbithe kuhusu Nyamai, jinsi alivyopiga honi siku ya kwanza mbuzi wa kijiji kizima wakatawanyika. Sauti yake ilikatika kila baada ya maneno machache, ikavuta hewa, ikaendelea.

Mama Syombua akajipangusa, akazunguka gari, akasema kwa sauti kubwa ya sokoni: "Kalekye! Kumbe nyuma hakuna kiti! Huyu fundi wetu hajamaliza!"

"Aiya! Hajaweka kiti?"

"Alisahau!"

"Mafundi wa siku hizi!" Kalekye akasonya, lakini hakuonekana mtu aliyevunjika, alionekana mtu aliyepata kitu cha kulalamikia. "Sasa?"

"Sasa huyu msichana anarudi nayo, kiti iwekwe, halafu aje atuchukue. Mimi nakaa hapa na wewe. Tutangoja pamoja."

Kalekye akafikiri, akitafuta mkono wa dada yake hewani mpaka akaupata. "Basi tungoje. Lakini huo mkoba usifunguliwe, Mbithe. Anaweza kuja kesho."

Wakambeba kumrudisha upenuni. Mama Syombua akatoa mkoba wake garini, akasimama kando ya dirisha la dereva, Yvonne akiwa tayari ameketi. Sauti yake ilikuwa ile ile ya simu za kila Jumapili, kavu.

"Mwambie Kilonzo aweke kiti ya nyuma," akasema. Yvonne akashtuka, maana katika miaka yote ya ndoa yake hakuwahi kumsikia mama yake akilitamka jina hilo. "Aweke nzuri. Lakini mwambie asiharakishe."

Mtandao uliokuwa umepotea njiani ulirudi karibu na Zombe. Yvonne akasimamisha gari kando ya njia, akapiga.

"Gari iko aje?" Kilonzo akauliza kabla ya salamu. "Imegonga? Klachi je?"

Akamweleza. Alimwambia kuhusu kiti, na kwamba Mwaitu amebaki kukingoja pamoja na dada yake. Ya miguu na ya pumzi hakuyataja. Upande wa pili kikaja kishindo cha spana zikitupwa kwenye ndoo.

"Naanza leo," Kilonzo akasema. "Nimekosa, Yvonne. Nimewakosea hawa wamama. Nitairefusha chini, vile ulisema. Wateja wangoje, gereji nafunga. Kwa wiki moja imeisha, naapa."

Mwaka mzima Yvonne alikuwa ameomba kuisikia sentensi hiyo. Sasa alisimama nje ya gari katika vumbi lake mwenyewe, simu sikioni, machozi yakimtoka bila kumwuliza.

"Hapana," akasema.

"Wiki moja ni nyingi? Siku nne, basi. Nalala huku huku kwa gereji."

"Fanya pole pole, Kilonzo."

"Unanicheka?"

"Sikucheki."

Kilonzo hakumwelewa, na kama kawaida yake akarudi kwenye kile anachokijua: akaanza kuuliza kama ngozi ya kiti cha nyuma iwe kahawia kama vile vya mbele, au iwe nyeusi, kwa sababu kahawia ile iliisha na nyingine inaweza kukataa kufanana.

"Enda uulize Najma," Yvonne akamwambia. "Akikuambia, muulize tena."